Hadubini Iliyofunikwa Kitenge

Hotuba kwa wahadhiri na wanafunzi wa shahada za juu, Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa. Tuendelee, maana nimepewa dakika arobaini, na chai ikishaletwa pale nyuma hakuna atakayenisikiliza tena.

Jana mwenyeji wangu alinitembeza katika maabara zenu. Chumba cha mwisho, karibu na dirisha, nikakuta hadubini imefunikwa kitenge. Kitenge kizuri, cha bluu na manjano, kimetandikwa vizuri kama mtu anavyofunika cherehani yake. Nikauliza kama inafanya kazi. Akacheka kwanza. Akasema ilifanya kazi miezi saba, kisha taa ikaungua. Mradi ulioileta ulikuwa umeshafungwa, na fungu la kununua taa halipo katika bajeti ya mtu yeyote. Basi wakaifunika isiingie vumbi.

Nilijiona niko nyumbani. Sisemi Tanga nilikozaliwa. Nasema kusini mwa Marekani, ambako nimefundisha na kutafiti ubongo kwa miaka kumi na minne katika chuo cha watu Weusi. Huko nako tunafunika mashine, ila wenzetu hutumia plastiki.

Mwaliko wenu umenitaka nieleze chuo kisicho na mali nyingi kinawezaje kujenga utafiti wa neurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalizunguka mpaka mlichoke. Katika vitu vyote ambavyo maabara inahitaji, mashine ndiyo rahisi kupatikana. Kuna wafadhili wanaopenda kutoa mashine, kwa sababu mashine inapigwa picha na kukatiwa utepe. Kinachokosekana ni mikono ya kuishika na saa za kukaa nayo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wafadhili wengi niliowajua hupenda kuzaa.

Niwajulishe kwanza vyuo vyenyewe. Marekani kuna vyuo vipatavyo mia moja vinavyoitwa vyuo vya Weusi vya kihistoria. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 inavitambua vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi, enzi ambazo vyuo vingi vingine viliwafungia mlango. Howard ya Washington ni ya 1867. Meharry, chuo cha tiba cha Nashville, ni cha 1876. Mbali na hivyo kuna vyuo vinavyotambuliwa kwa wanafunzi walionao: vile ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake ni wenye asili ya Kihispania, vyuo vya makabila ya Wenyeji wa Amerika, na vingine vya Alaska na Hawaii. Ukivikusanya vyote unapata lile jina refu, vyuo vinavyohudumia walio wachache. Vyuo vya Puerto Rico navyo vimo, ingawa kule hao wanaoitwa wachache ndio wenye kisiwa.

Msidhani ni habari za mbali. Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, alihitimu udaktari Meharry mwaka 1937. Na kila mmoja wenu aliyewahi kununua vitu Kariakoo amepita Mtaa wa Aggrey. Aggrey, yule mwalimu wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924, alisoma na kufundisha Livingstone College, chuo kidogo cha Weusi kule Salisbury, North Carolina. Nami nataka nianzie hapo hapo Livingstone, kwa sababu kabla ya Aggrey alipita kijana mwingine wa Kiafrika ambaye hajapewa mtaa Kariakoo.

Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Virginia, akajikomboa kwa fedha zake mwenyewe, akahamia Liberia. Mjukuu akavuka bahari kurudi kule kule. Alimaliza Livingstone mwaka 1893, akapata udaktari Boston University mwaka 1897, akaajiriwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Westborough, Massachusetts. Mwaka 1904 akaenda Munich, Ujerumani, kufanya kazi katika maabara ya Alois Alzheimer. Ndiyo, Alzheimer mwenyewe, kabla ugonjwa haujapewa jina lake. Aliporudi Westborough aliendelea na kazi aliyojifunza: kukata vipande vyembamba vya ubongo wa wagonjwa waliofariki, kuvitia rangi, kuvipiga picha kupitia hadubini. Mwaka 1912 akachapisha mapitio ya kwanza ya kina kwa lugha ya Kiingereza kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, na humo akaeleza mgonjwa wa tisa kujulikana.

Pale Boston alifundisha zaidi ya miaka thelathini. Miaka yake ya mwisho aliongoza idara ya neva bila kupewa cheo cha kuiongoza. Mwaka 1933 Mzungu aliyekuwa chini yake akapandishwa uprofesa, Fuller akastaafu.

Kisa hiki huwa nawasimulia wanafunzi wangu, nao hukasirika, na wana haki. Mimi hukasirikia kitu kingine zaidi. Hebu fikirini: mwaka 1912 Mwafrika alikuwa mmoja wa watu wachache duniani wanaojua ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer unaonekanaje chini ya lenzi. Uwezo wa utafiti alikuwa nao, tena wa kiwango cha dunia, lakini ulikaa katika vidole vyake. Mara moja alipata nafasi ya kurithisha, miaka ya 1920, alipowafundisha madaktari Weusi waliokwenda kufanya kazi katika hospitali mpya ya wanajeshi wastaafu kule Tuskegee, Alabama. Wakajua kutambua kaswende iliyopanda ubongoni, ugonjwa ambao madaktari wengine waliukosea. Fikirini kama Howard au Meharry wangekuwa wakati huo na maabara ya kumpa, na vijana ishirini wa kusimama nyuma yake wakitazama jinsi anavyoshika kisu. Alzheimer na magonjwa mengine ya kusahau huwapata wazee Weusi wa Marekani karibu mara mbili ya Wazungu. Mtu anayeuliza kwa nini tunachelewa kulielewa jambo hili, mimi humwambia aanze kuhesabu kutoka 1912.

Basi fedha zikaja, kidogo kidogo. Mwaka 1972 Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zilianzisha programu ya kusaidia utafiti katika vyuo vya walio wachache. Mwaka 1985 Bunge la Marekani likaanzisha nyingine ya kujenga vituo vizima vya utafiti: maabara, mashine, wahadhiri wapya. Mwaka 1995 Morehouse School of Medicine ya Atlanta ikafungua taasisi ya neurosayansi, inayohesabiwa ya kwanza katika chuo cha Weusi, chini ya Peter MacLeish, mtaalamu wa seli za retina ya jicho. Shule yenyewe ilikuwa na miaka ishirini tu tangu ianzishwe.

Morehouse nawasifu kwa jambo moja ambalo ripoti hulipita haraka. Walichagua. Hawakutaka kuwa na kila tawi la neurosayansi lililo katika orodha ya vyuo vikubwa. Waliajiri watu wanaoweza kuzungumza wao kwa wao: hawa wa saa ya mwili, usingizi na macho, wale wa kiharusi. Georgia iko ndani ya ule ukanda wa kusini mashariki mwa Marekani ambako kiharusi huua watu kuliko sehemu nyingine za nchi, na wataalamu huuita hivyo hivyo, Ukanda wa Kiharusi. Byron Ford na wenzake pale walionyesha kwa panya kwamba protini iitwayo neuregulini inaweza kuziokoa seli za ubongo baada ya kiharusi. Mkiwa watafiti wanne mnaoelewana, mmoja akiugua wengine watamalizia jaribio lake. Mkiwa wanne wa fani nne tofauti, kila mmoja ana maabara yake ya mtu mmoja, na kila mmoja ana kitenge chake.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo mimi na ninyi tunafanana kabisa. Katika vyuo vikubwa vya utafiti mhadhiri hufundisha kozi moja au mbili kwa muhula. Katika vyuo vyetu kozi nne ni jambo la kawaida. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa nazo nne, na maabara za Jumatano na Ijumaa juu yake. Niliandika andiko langu la kwanza la ruzuku kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, kwenye meza ya jikoni, karatasi za mitihani zikiwa upande wa kushoto. Miezi mitano. Chuo kilikuwa na mtu mmoja tu wa kutuma maandiko ya ruzuku ya chuo kizima, na wiki ile alikuwa likizo ya uzazi, wala hakuna aliyeshika nafasi yake. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi na moja jioni. Kijana aliyesukumiwa kazi ile alibonyeza kitufe saa kumi na moja na dakika nne. Likakataliwa bila kusomwa.

Nilikaa ndani ya gari nusu saa bila kuliwasha.

Sisemi kwamba shida zote ni za dakika nne. Mwaka 2011 Donna Ginther na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa maombi ya ruzuku za NIH: watafiti Weusi walikuwa nyuma ya Wazungu kwa pointi 10 za asilimia katika kupata ruzuku, hata baada ya kulinganisha elimu, mafunzo na machapisho yao. Ubaguzi upo, una namba. Lakini ubaguzi wa namna hiyo huwakuta wale ambao maandiko yao yamefika. Mimi langu halikufika, na kilicholizuia ni chuo changu mwenyewe kuona kwamba karani wa pili ni anasa. Mtu akiniuliza leo kitengo cha neurosayansi kianze na nini, nasema kianze na karani wa ruzuku mwenye msaidizi. Watu huona natania.

Na kingine kianze na fundi. Niwaeleze usiku wa friza.

Sampuli za ubongo huhifadhiwa katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ikipanda joto kwa saa chache, protini zinaharibika na RNA, yaani ujumbe wa jeni ndani ya seli, inakatikakatika, na huwezi kujua kwa macho kwamba umepoteza kitu. Tulikuwa na fundi, mzee mstaafu wa jeshi la wanamaji aliyewahi kutengeneza mitambo ya ubaridi melini. Jumatatu moja ya Novemba alipita mbele ya friza yetu, akasimama, akainamisha sikio. Akasema, "Hii inakohoa." Sisi hatukusikia kitu. Aliomba kompresa mpya siku ile ile, na ombi lake likaenda linakoenda maombi.

Alhamisi yake ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, nchi nzima imekaa mezani inakula bata mzinga. Saa moja usiku simu ikalia. Alikuwa yeye. Hakuwa zamu. Alipita tu kuangalia, kwa sababu, alivyosema, kikohozi kilikuwa hakimtoki masikioni. Friza ilikuwa imefika nyuzi 52 chini ya sifuri na inapanda. Mle ndani kulikuwa na miaka mitatu ya hipokampasi za panya, ile sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na tasnifu za wanafunzi wawili. Mama yangu hadi leo akiulizwa kazi yangu husema nafuga panya, na usiku ule angekuwa amesema kweli tupu: nilikimbilia panya waliokufa zamani kuliko nilivyowahi kukimbilia binadamu.

Tulinunua barafu kavu katika duka kubwa la vyakula lililokuwa linakaribia kufunga. Mwenye kaunta akauliza kama tuna sherehe. Tukaijaza katika maboksi meupe ya kubebea samaki, tukaanza kuhamisha vichupa kwa glavu za ngozi, moshi mweupe umetanda sakafuni hadi magotini kama mtu amefukiza udi nyumba nzima. Mzee anasoma namba, mwanafunzi anaandika, mimi napanga. Tulimaliza saa saba usiku. Hatukupoteza hata kichupa kimoja.

Mwaka uliofuata mradi ulifungwa. Uongozi ukapata fedha za friza mpya mbili, ukakosa mshahara wa fundi, kwa maelezo kwamba nafasi yake haina mfadhili. Friza zile zina kengele za kutuma ujumbe kwenye simu. Kengele inalia joto likishapanda. Yeye alisikia siku tatu kabla.

Nimalize habari ya uhaba nije kwenye habari njema, ambayo ni kwamba neurosayansi nzuri haihitaji kila mashine. Inahitaji swali lako.

Gregory Quirk alitoka New York, katika maabara ya Joseph LeDoux, bingwa wa utafiti wa woga, akaenda kufanya kazi Ponce, mji wa kusini mwa Puerto Rico, katika shule ya tiba ambayo wenzake wengi wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Alikuwa na nini? Sanduku la kumwekea panya, spika ya kutoa mlio, nyaya nyembamba za kuingiza ubongoni, kompyuta. Panya akisikia mlio na papo hapo akapigwa shoti ndogo miguuni, siku nyingine mlio peke yake utamgandisha kwa woga. Ukimpigia mlio mara nyingi bila shoti, woga unapoa. Swali ni hili: woga umefutika, au upo na kuna kitu kinaukandamiza? Quirk na mwanafunzi wake wa uzamivu, Mohammed Milad, walirekodi seli za eneo dogo la ndani katika sehemu ya mbele ya ubongo. Siku ya pili, panya akikumbuka kwamba mlio hauna neno, seli hizo ziliitika. Panya ambaye seli zake ziliitika kwa nguvu ndiye aliyeganda kidogo. Kisha wakazichochea kwa umeme kila mlio uliposikika, katika panya ambao hawakupitia mazoezi ya kupoza woga, na hao nao woga wao ukapungua. Kumbe woga haukufutika. Ubongo ulikuwa umejifunza kitu cha pili juu ya kile cha kwanza.

Habari hiyo ilitoka katika jarida la Nature mwaka 2002. Anwani ya waandishi ni Ponce. Leo wanaotafiti matibabu ya kiwewe, yale ya kumzoesha mgonjwa taratibu kile anachokiogopa, bado wanaikuta kazi ile njiani.

Au twende Fairbanks, Alaska, chuo kinachohudumia Wenyeji wa Alaska. Kule kuna kindi wa ardhini ambaye hulala miezi ya baridi, na mwaka 1989 Brian Barnes wa chuo hicho aliripoti kwamba joto la mwili wake hushuka hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri bila damu kuganda. Ubongo wa mnyama huyo hupata damu kidogo mno kwa majuma, halafu anaamka, anajinyoosha, anakwenda kutafuta chakula. Binadamu akikosa damu ubongoni dakika chache tu, ameumia. Kelly Drew na wenzake wa Fairbanks wamekuwa wakimtafiti kindi huyo ili kujifunza jinsi ya kuulinda ubongo wa mgonjwa wa kiharusi au wa moyo uliosimama. Chuo kikubwa cha mjini kina hadubini za mamilioni, lakini kindi hawana. Na baridi hawana.

Mnaona ninakoelekea, sitawataja wanyama wenu. Mnawajua kuliko mimi. Nikumbushe tu kwamba mwaka 2011, hapo jirani Uganda, Kampala International University ilipokea kozi ya neurosayansi iliyotumia inzi wadogo wa kwenye matunda. Inzi hao hufugwa kwenye chupa, kwa chakula kisichozidi bei ya mkungu wa ndizi, na sayansi yao ni ile ile inayofanyika Cambridge.

Niruhusuni sasa nizungumzie nywele. Akina baba msitoke.

Kipimo cha EEG husoma umeme wa ubongo kupitia elektrodi zinazogusa ngozi ya kichwa. Lazima ziguse. Kofia ya elektrodi ilibuniwa na watu wenye nywele za kulala, na ukimvisha binti mwenye nywele nene za kipilipili kofia inanyanyuka, elektrodi inaelea, na kinachorekodiwa ni kelele. Kwa miaka mingi suluhisho katika maabara nyingi lilikuwa kuitupa rekodi hiyo, au kutomwita mtu wa namna hiyo tangu mwanzo. Mtu anasoma makala inayosema "ubongo wa binadamu", kumbe ni ubongo wa binadamu ambaye kofia ilimkaa.

Arnelle Etienne alikuwa mwanafunzi Carnegie Mellon, Pittsburgh. Si chuo cha Weusi, niseme ukweli, ila yeye ni binti Mweusi, na aliona jambo ambalo maprofesa wake hawakuwa na sababu ya kuliona. Alisema: kwa nini tupigane na nywele? Tuzisuke. Tusuke twende kilioni, na njia za msuko zipite pale pale zinapotakiwa kukaa elektrodi kwa alama za kimataifa. Ngozi iko wazi katikati ya mistari. Kisha yeye na wenzake katika maabara ya Pulkit Grover wakatengeneza vibanio vinavyojibana chini ya misuko na kuikandamiza elektrodi kichwani. Vinaitwa Sevo, neno la Krioli ya Haiti lenye maana ya ubongo. Ukinzani wa umeme ukashuka sana kuliko kwa kofia ya kawaida.

Nilipowaonyesha wanafunzi wangu picha za misuko ile, msichana mmoja nyuma ya darasa alisema, "Hii hata bibi yangu angeweza." Nikamwambia ndiyo, na bibi yako angekuwa fundi bora wa EEG jimboni. Sikutania. Tulimwajiri msusi kwa saa, akaingia kwenye bajeti ya mradi kama mtaalamu. Mhasibu alirudisha fomu mara mbili akiuliza kama kuna kosa la uandishi.

Sasa jambo la mwisho zito. Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico. Mbele ya pwani ya mashariki kuna kisiwa kidogo, Cayo Santiago, ambako tangu 1938 wanaishi nyani wa jamii ya rhesus walioletwa kutoka India, 409 kwa hesabu ya safari ile ya kwanza. Wanasimamiwa na Chuo Kikuu cha Puerto Rico, na kila nyani anajulikana mama yake na bibi yake. Kwa mtu anayetafiti ubongo na maisha ya jamii, hiyo ni hazina isiyonunulika. Kimbunga kiling'oa miti, kikavunja gati na mabirika ya maji. Walioiokoa kazi ile kwanza walikuwa wafanyakazi wa hapo hapo, watu wa vijiji vya pwani, waliorudi kisiwani kwa boti kuwapelekea wanyama chakula na kutengeneza maji wakati nyumba zao wenyewe zimeezuliwa. Kwa kuwa walirudi, tunajua leo kwamba baada ya kimbunga nyani wale walianza kukaa karibu karibu na kuvumiliana zaidi, wakigawana kivuli kilichobaki. Makala zimeandikwa, zina majina ya maprofesa wa vyuo vikubwa. Mimi nikizisoma namtafuta mwenye boti.

Mtaniuliza kuhusu mwaka 2025, maana mmesikia. Ndiyo, NIH ilikatisha programu kadhaa zilizokuwa zikiwalipia mafunzo ya utafiti wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo, na Februari ikatangaza kwamba fedha za uendeshaji, zile zinazolipia umeme, makarani na matengenezo, zisizidi asilimia 15 ya ruzuku. Mahakama ikazuia hilo la pili. Mwezi huo huo Howard ikaingia daraja la juu la vyuo vya utafiti, R1, ikiwa ndiyo pekee ya vyuo vya Weusi katika orodha ya mwaka ule. Kigezo ni dola milioni 50 za utafiti na shahada za uzamivu 70 kwa mwaka. Nilifurahi, nikapiga simu kwa rafiki yangu wa Washington, tukapiga vigelegele. Lakini daraja hilo linahesabu dola na shahada. Halihesabu kama friza ina mtu wa kuisikiliza.

Naona chai imefika. Nina tangazo moja.

Jana usiku nilirudi chumba kile kwa ruhusa, nikainua kitenge. Taa ile ni ya haloji, volti 12, wati 100, pini mbili. Si kitu cha ajabu. Leo asubuhi nilimtuma kijana Kariakoo, amerudi na nne. Zinafanana kwa pini, ila kioo chake ni kirefu kidogo, kwa hiyo huenda tukalazimika kukisogeza kishikio, na lenzi za ndani nazo zimeota ukungu kwa unyevu. Kesho saa mbili asubuhi tutaifungua. Nahitaji watu sita, mmoja alete bisibisi ndogo za saa, mwingine daftari, kwa sababu kila tutakachogusa kitaandikwa. Wenye vipindi saa hiyo msihofu. Mkuu wa idara ameniahidi kwamba vitafidiwa na kuhesabiwa kama kazi. Si ndiyo, Daktari?

Ameitikia kwa kichwa. Mmeona wote.